Weupe kwenye tumbaku ya kiko: ni ukungu, ni sukari, au ni chumvi ya maji ya bomba?

Baba mkubwa alifungua chupa ile polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya wali akiwa ameshasikia harufu ya kuungua. Tulikuwa barazani kwake Chang'ombe, hapa Dodoma, Jumapili baada ya chakula. Ni mstaafu wa reli, na kiko ndiyo anasa pekee aliyobaki nayo. Mwanawe anayeishi Uingereza humletea tumbaku kila anapokuja likizo. Sasa juu ya ile tumbaku ya kahawia kulikuwa na weupe. Si mwingi. Kama unga uliodondoka mtu akisonga ugali.

Kila aliyekuwapo alikuwa na hukumu yake. Mama mkubwa hakuinuka hata kitini: "Hiyo ni sumukuvu. Katupe, na mikono ukanawe." Jirani yao, mzee aliyefanya kazi ya uteuzi wa tumbaku, yaani kuipanga kwa madaraja, miaka mingi huko Urambo, akacheka: "Shemeji, usimtie mwenzio hasara. Hiyo ni sukari ya jani imetoka. Tumbaku ikitunzwa vizuri huchanua." Mjukuu, bila kuinua macho kwenye simu, akashauri iwekwe kwenye friza. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu niliwahi kufundisha baiolojia sekondari, na katika ukoo wetu mwalimu wa baiolojia ni daktari, bwana shamba na fundi friji kwa pamoja.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja nililomwambia na yeye: tumbaku inaua hata ikiwa safi kabisa, na mimi ningefurahi zaidi angeacha. Ana miaka themanini na mbili na amekataa. Basi tuongee kuhusu huo weupe, maana aliyekataa kuacha kuvuta asiongezewe balaa la pili.

Kuvu, ukungu, sumukuvu

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo yanayotuchanganya. Neno ukungu lenyewe limebeba mizigo miwili: ule unaotanda asubuhi kule Iringa mpaka dereva anawasha taa, na huu unaoota kwenye mkate. Tunazungumzia wa mkate.

Kuvu ni jina la ukoo mzima. Uyoga ni kuvu, hamira ni kuvu, na yale mapunye kichwani kwa mtoto yanaletwa na kuvu. Ukungu ni tawi la ukoo huo linaloishi kama nyuzi nyembamba zilizosokotana, zinazotambaa juu ya chakula chao na kuingia ndani yake. Nyuzi ndizo mwili. Zikishiba hutoa vijimbegu, vidogo kiasi cha kuelea hewani bila kuonekana. Ule unga wa kijani kwenye limau lililosahauliwa kabatini ni vijimbegu kwa mamilioni, na ukilipuliza umevisambaza jikoni kote.

Sumukuvu ni kitu cha tatu kabisa. Ni sumu inayotengenezwa na baadhi ya kuvu, si zote, tena katika hali fulani tu. Haionekani kwa macho, haina harufu, haina ladha. Kwa hiyo mtu akiuonyesha kidole weupe ule na kusema "sumukuvu ile pale," ni sawa na aliyemwona nyoka akasema "sumu ile pale." Nyoka ni nyoka na sumu ni sumu. Wako nyoka wasio na sumu. Na jambo ambalo tutalirudia baadaye: ukishamuua nyoka, sumu aliyokwisha kuitema haifi naye.

Hata hivyo simlaumu mama mkubwa. Huku kwetu neno hilo halikuja kwa njia ya vitabu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa watu kuugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wagonjwa 68 waliandikwa, na 20 kati yao walifariki. Ni mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na kuhifadhiwa na wenyewe, si ya kununua kwa mtu usiyemjua. Tangu hapo mwanamke wa Kondoa au Chemba akiona doa kwenye punje hasubiri maelezo ya mwalimu wa baiolojia. Dunia yenyewe ilianza kuijua sumu hii baada ya mwaka 1960, vifaranga vya bata mzinga wapatao laki moja walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Aliyeitengeneza ni kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na chakula anachokipenda ndicho tunachokilima sisi: mahindi na karanga.

Lakini tumbaku hailiwi. Inachomwa, na moshi unavutwa kwenda kinywani na mara nyingi kifuani. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya tumbaku yenye ukungu haliko tumboni, liko kwenye mapafu, na huko mshitakiwa mkuu si sumu bali vile vijimbegu na vumbi la nyuzi zake. Nitafika huko. Kwanza tujue ukungu unaotaje mahali pakavu kama Dodoma.

Maji huru na maji yaliyofungwa

Vijimbegu vya ukungu vipo kila mahali. Vimo barazani ulipokaa, vimo kwenye jani la tumbaku tangu liko shambani, na hakuna kiwanda kinachovimaliza. Kinachoamua kama vitaota ni maji. Hapa kuna fumbo linalowashinda wengi: asali ina maji, chini kidogo ya asilimia 20, na haioti ukungu hata ikae miaka. Mahindi yakiwa na maji hayohayo asilimia 18 yakafungiwa kwenye gunia, baada ya muda mfupi yananuka. Inakuwaje?

Inategemea maji hayo yako huru au yamefungwa. Chukua mfano wa mshahara. Mtu analipwa laki sita, lakini nusu inakatwa mkopo kabla haijagusa mkono wake. Kwenye karatasi ni laki sita. Dukani ana laki tatu. Ndani ya asali sukari ni nyingi mno na imeyakamata maji yote, hata ukungu ukija haupati la kunywa. Ndani ya punje ya mahindi hakuna wa kuyakamata kwa nguvu hiyo, ndiyo maana wataalamu wa ghala wanasisitiza mahindi yakauke mpaka unyevu uwe asilimia 13 na nusu au chini yake.

Tumbaku ya kiko iko katikati. Huuzwa ikiwa na unyevu kiasi, tofauti na sigara, ili iungue taratibu bila kuchoma ulimi. Jani liitwalo la mvuke, linalokaushwa kwa hewa ya moto kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kama la Tabora, lina sukari nyingi ya kwake, na viwandani huongezewa nyingine: asali, molasi, urojo wa mzizi mtamu wa likorisi, wakati mwingine ramu. Nyingi hutiwa pia kimiminika kiitwacho propilini glikoli, ambacho kazi yake ni ileile ya sukari ya asali, kushika maji yasiwe huru. Ndiyo maana bati la tumbaku lenye utamu mwingi linaweza kukaa wazi wiki kadhaa likabaki laini na lisiote kitu, huku tumbaku isiyotiwa chochote ikiloweshwa kidogo tu inaharibika. Kipimo kinachofaa si maji yamo kiasi gani, bali hewa iliyo ndani ya chupa ina unyevu kiasi gani. Hewa hiyo ikiwa chini ya asilimia 65, ukungu karibu wote hulala usingizi. Ikipita 70, unaamka.

Sasa hewa ya Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwezi wa kumi na mbili na kuishia mwezi wa nne, na miaka mingi haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Ikifika Septemba, nguo nene uliyoianika asubuhi mchana umeshaivaa, midomo inapasuka, na milango ya mbao inasinyaa hadi komeo haliingii. Katika hewa ya namna hiyo ukungu ungeishi kwa taabu sana. Kwa nini basi chupa ya baba mkubwa iwe na weupe?

Nilipomuuliza kama aliongeza kitu ndani, alikaa kimya kidogo. Kisha akakiri. Mwezi wa kumi tumbaku ilikuwa imekauka mpaka inavunjika kama majani makavu ya mkorosho, akaweka ganda la limau ndani ya chupa ili ilainike. Alifundishwa na wazee wenzake enzi za kazi. Wengine huweka kipande cha kiazi, wengine tofaa, wengine kitambaa kibichi. Mantiki yake inaeleweka: ganda linatoa unyevu, tumbaku inaunyonya. Tatizo ni kwamba ganda lenyewe linaoza. Umefungia ndani ya chupa moja jani lililokauka na kipande cha tunda kinachooza, ukakaza mfuniko. Limau linaota kwanza, kisha linagawa.

Hiki ndicho kichekesho cha jambo zima: huku kwetu kwenye ukame, ukungu wa tumbaku karibu kila mara unaletwa na maji tuliyotia wenyewe kwa kuogopa ukavu. Tumbaku iliyokauka haijaharibika. Inalainishwa tena hata baada ya miaka. Iliyoota ukungu hairudi.

Kuna njia ya pili, na hii haihitaji limau. Kila mama anaijua kwenye hotipoti. Ukiweka chapati za moto ukafunga mfuniko papo hapo, baada ya saa moja ile ya juu imelowa na ya chini imeganda na mwenzake. Mvuke ulipanda, ukakutana na mfuniko wa baridi, ukawa matone. Chupa ya baba mkubwa ilikaa juu ya kabati, karibu na bati la paa lisilo na dari. Mchana bati linachemka. Usiku wa Juni na Julai Dodoma kunakuwa na baridi ya kuvaa sweta. Kila siku chupa inatoka jasho kwa ndani, matone yanakusanyika chini ya mfuniko na kudondokea juu ya tumbaku. Kwa wastani tumbaku ni kavu. Pale lilipodondoka tone ni kinamasi, na ukungu hauhitaji wastani, unahitaji mahali pamoja tu.

Kuangalia kwa karibu

Nilileta lenzi ya mkononi, masalia ya maabara ya shule, na nikaomba tochi ya simu ya mjukuu. Mtu asiye na lenzi anaweza kupiga picha kwa simu na kuikuza, inatosha.

Sheria ya kwanza: usibandike pua ndani ya chupa na kuvuta pumzi ndefu. Kama ni ukungu, umeshavuta vijimbegu. Fungua, isogeze mbali kidogo, pepea kwa kiganja harufu ikufuate.

Harufu ya ukungu haifichiki: soksi zilizolala kwenye begi, au tembe la zamani baada ya mvua ya kwanza kupenya darini. Hapa jirani wa Urambo alinisaidia kuliko lenzi. Anasema enzi zake, robota likifika mezani, alikuwa akiingiza mkono katikati na kuunusa kabla hata hajaangalia rangi ya jani. Ila harufu ya siki si ushahidi wa ukungu. Baadhi ya tumbaku, hasa ya jani jekundu la mvuke, ukifungua bati lake inanuka siki au mchuzi wa nyanya, na hiyo ni kawaida ya uchachu wake.

Kisha umbo. Kwenye chupa, chini ya lenzi, weupe ulikuwa wa nyuzi. Ulisimama juu ya jani kama manyoya ya kifaranga, ukajenga viduara, na ulikuwa mnene zaidi sehemu mbili: kwenye vijiti vya mishipa ya jani, na upande ule lilipolala ganda la limau. Ganda lenyewe lilikuwa limebadilika kuwa kijani cha kijivu. Katikati ya kiduara kimoja rangi ilishaanza kugeuka kijani pia. Nikampa baba mkubwa lenzi. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe ina nywele."

Hapo ndipo jirani alipotaka haki yake. "Lete na lile bati." Baba mkubwa alikuwa na bati la duara, la tumbaku ya vipande vilivyoshindiliwa, alilolifungua wiki ileile baada ya kulitunza miaka. Nalo lilikuwa na weupe. Lakini lenzi ilionyesha kitu kingine kabisa: chembechembe bapa, zimelala juu ya jani, zinametameta tochi ikipita, zimetawanyika sawasawa juu ya kila kipande. Hakuna unywele hata mmoja.

Jirani alikuwa sahihi kuhusu bati na amekosea kuhusu chupa. Weupe wa kwenye bati unatokea kama asali inavyoganda. Asali haijaoza, sukari imejitenga na kuwa chembe. Kwenye tumbaku iliyokaa muda mrefu, sukari na chumvi za asidi zilizomo ndani ya jani hujitokeza juu na kuganda, na wavutaji wa zamani huliona hilo kama heshima, alama ya umri, mvi za tumbaku. Mimi nina shaka na jinsi sifa hiyo inavyogawiwa ovyo. Mtu aliyelipia bati kwa pesa nyingi anataka sana kuamini kuwa weupe ni mvi. Nikisikia "imechanua" bila aliyesema kuishika lenzi, nadhania ukungu kwanza.

Kipo na weupe wa tatu, wa Dodoma yetu hasa. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Makutupora, na kila mwenye birika anajua ule ukoko mweupe unaobaki chini. Mtu akinyunyizia tumbaku yake maji ya bomba ili ilainike, maji yakikauka yanaacha chokaa hiyohiyo juu ya jani. Haing'ai kama sukari, haina nywele kama ukungu, ni vumbi la chaki tu.

Namna ya kuzitofautisha zote tatu bila maabara ni matone. Chukua kijipande chenye weupe, kiweke kwenye sahani nyeusi au juu ya kioo. Dondosha tone la maji yaliyochemshwa na kupoa. Chembe za sukari zitayeyuka zipotee. Ukungu hautayeyuka, nywele zitalala na kugandamana kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, lakini zitabaki. Chokaa nayo itabaki, ila kwa chokaa badilisha tone, tumia siki au ndimu: utaona vipovu vidogo vikipanda. Tulifanya hivyo pale pale barazani, na mama mkubwa ndiye aliyeleta ndimu.

Mjukuu alikuwa na kipimo chake. Ana kile kitochi cha mwanga wa zambarau wanachotumia mawakala wa fedha kukagua noti, na amesikia kuwa ukungu hung'aa chini yake. Akawasha, na kweli pakang'aa rangi ya bluu. Tatizo likawa kwamba paling'aa kote, pazuri na pabaya. Jani la tumbaku lina kemikali yake yenyewe, skopoletini, inayong'aa bluu chini ya mwanga huo. Kitochi kibaki kwenye noti.

"Si inaungua tu?"

Hoja iliyoonekana nzito kuliko zote ilitoka kwa baba mkubwa mwenyewe. Tumbaku inachomwa, moto unaua kila kitu, sasa ukungu utanifanya nini?

Angalia kiko kinavyofanya kazi. Kaa jekundu liko juu tu. Chini yake pana tumbaku ambayo bado haijaungua, na unapovuta, hewa inatoka juu, inapita kwenye kaa, inashuka kupitia tumbaku hiyo mbichi, ndipo inaingia kwenye shina na kinywani. Ni kama jiko la mkaa lililopinduliwa: moto uko juu, na moshi unachujwa na mkaa ambao haujawaka. Vijimbegu vya tabaka la chini havijaguswa na moto. Vinapulizwa tu na kufuata njia. Na wakati wa kushindilia tumbaku kwa kidole ndani ya kiko, vingine vinatimka usoni kabla hata kiberiti hakijawashwa.

Kwa mtu mwenye afya njema, kikohozi na mafua ya mzio vinaweza kuwa ndiyo mwisho wake. Kwa mwenye pumu ni hatari zaidi. Ila kuna kundi ambalo katika kanda hii si dogo: watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Ugonjwa unapona, lakini unaweza kuacha mapango ndani ya pafu, na kuvu za jamii ya Aspergillus zikifika humo zinaweza kuweka makazi na kujiviringisha kuwa donge. Mtu anaanza kukohoa damu miaka mingi baada ya kumaliza dozi, anadhani TB imerudi. Wenye kinga dhaifu, iwe kwa dawa za saratani au maradhi mengine, kwao kuvu hiyo inaweza kusambaa ndani ya mapafu. Baba mkubwa alitibiwa TB akiwa kazini. Kwake yeye mjadala wa chupa ile uliishia hapo.

Na kama kungekuwa na sumu iliyokwisha kutengenezwa? Hapa ndipo nyoka wetu anarudi. Kuanika juani kunausimamisha ukungu, hakuondoi ilichokwisha kuacha. Ndivyo ilivyo kwa mahindi pia: sumukuvu haiondoki kwa kusonga ugali, kwa sababu inastahimili joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Mtu anayeanika mahindi yaliyooza yakakauka, akayapukuta, akayasaga, amepata unga mkavu wenye sumu ileile.

Kuhusu friza, nilijua ushauri huo umetoka wapi. Wavutaji na wauzaji hugandisha tumbaku kweli, lakini ni kwa ajili ya mdudu: yupo mbawakavu mdogo wa kahawia anayetoboa tumbaku, ndugu wa mbali wa dumuzi anayetutobolea mahindi. Ukiona matundu madogo na vumbi laini, huyo ndiye, na baridi kali inamuua yeye na mayai yake. Ukungu kwenye friza unalala. Ukiutoa unaamka, tena unakuta matone ya kuyeyuka yamemtandikia kitanda.

Kumwagia pombe kali, nako nimekusikia. Pombe ya chupa zaidi ya nusu yake ni maji. Umeua baadhi ya nyuzi, vijimbegu vigumu vimebaki, na umewaongezea maji. Kuchambua palipoharibika na kuvuta palipobaki kungewezekana kama tumbaku ingekuwa boga. Tumbaku iliyokatwa inagusana nyuzi kwa nyuzi, na kila ulipoitikisa chupa ulikuwa unapanda mbegu. Na wapo wanaokumbusha kwamba penisilini ilitoka kwenye ukungu. Ni kweli, Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Hata kwinini ina asili yake kwenye ganda la mti, lakini hakuna anayetafuna mti asioujua kwa sababu hiyo.

Tulichofanya na chupa, na kiko

Tumbaku ya chupani ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki chupa ikiwa bado wazi kidogo tu, mfuko ukafungwa, ukaenda shimoni. Haikuchomwa uani, moshi wake ungekuwa ule ule tunaoukimbia. Chupa ilioshwa kwa sabuni na maji ya moto, ikachemshwa, ikaanikwa siku nzima. Ule mpira wa mfuniko tuliutupa, kwa sababu una mikunjo isiyofikiwa na mswaki. Kama ingekuwa kiboksi cha mbao au mfuko wa ngozi ningeshauri nao uende, mbao na ngozi hazichemshiki.

Kulainisha tumbaku kavu bila limau si kazi. Itandaze kwenye bakuli, funika bakuli kwa taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, taulo isiiguse tumbaku. Igeuze kila baada ya nusu saa na uipime kwa vidole: bana kidogo, achia. Ikibaki donge, imezidi maji, iache wazi ipumue. Ikivunjika, bado. Ikifunguka taratibu kama sifongo iliyochoka, hapo ndipo. Fungia kiasi cha wiki moja au mbili tu, nyingine ibaki kavu. Chupa ikae kabati la chini, mbali na bati la paa, na maji ya kulowesha taulo yawe ya chupa au ya mvua kama hutaki mvi za Makutupora.

Kiko ndicho kilichotupa kazi, maana kilikuwa kimevutiwa tumbaku ileile kwa siku tatu kabla hajaona weupe. Shina tulilichomoa, tukapitisha ndani vijiti laini vya kusafishia vilivyochovywa kwenye spiriti, hadi cha sita kikatoka bila weusi. Bakuli la mbao halichemshwi, litapasuka. Baba mkubwa alikwangua masizi ya zamani kwa kisu butu, nikapangusa kwa pamba yenye spiriti, kikawekwa dirishani wiki nzima, mdomo chini. Siku ya nne nilipopita kumsalimu nilimkuta amekaa karibu na dirisha hilo, kiko hajakigusa, lakini alikuwa ameshika lenzi yangu na anakagua gunia la karanga la mama mkubwa, punje kwa punje, na ameshatenga kikombe kizima.